Koti la Kulishia

Bi Mashavu alikuwa amekwisha kuvuka lango, kifurushi kichwani, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwalisha mbwamwitu waliookolewa mitegoni. Kazi alimwachia Kizito, mtoto wa kaka yake, pamoja na koti moja kuukuu. Kila mlishaji hulivaa hilo hilo bila kulifua, maana wanyama wale hawajali sura, wanajua harufu. Kumwambia Kizito alisahau.

"Shangazi, safari njema!" Kizito alipaza sauti kutoka ndani ya uzio, ndoo ya nyama mkononi. "Koti lako hili, hata fisi angeziba pua! Nimelifua kwa sabuni mara tatu. Sasa nanukia kama bwana harusi!"

Bi Mashavu alisimama. Nyuma ya Kizito mbwamwitu kumi na mmoja walikuwa wameinuka, na hakuna aliyeitazama ndoo.

"Njoo kwangu, baba," alisema taratibu. "Polepole. Usigeuke."

Kizito alicheka, akageuka.

Siku hizi Kizito anauza karanga sokoni kwa mkono mmoja uliobaki. Mbwamwitu wanane walipigwa risasi, watatu wakatoroka. Bi Mashavu anaishi kwa binti yake, mwendo wa siku mbili, na asubuhi nyingine hukuta nyayo zimeizunguka nyumba.