Kenge Aliyeziba Tundu la Kichuguu

Kulikuwa na Kenge mmoja, wivu ukimtafuna mpaka hashibi. Mchana aliungua juu ya mwamba wake, usiku akatetemeka chini yake, na jirani yake Mchwa, kadudu kasikoona hata njia, alikaa kichuguuni bila joto wala baridi. Hata mayai ambayo Kenge aliyataga humo, kama ilivyo desturi ya kenge wote, yalilala raha kumzidi mama yao.

"Shoga, unatumia dawa gani?" akauliza.

"Dawa ya wapi! Udongo unazuia jua, tundu la juu linatoa joto. Dunia nayo iko hivyo hivyo: imejifunika hewa, si nzito mno, si nyepesi mno. Ndiyo maana tunaishi."

Kenge akaondoka amenuna. Kesho yake akapanda kichuguuni, akaliziba tundu kwa tope, akakaa pembeni kusubiri kilio. Joto likapanda. Mchwa na ukoo wake wakatokea chini, kimya kimya.

"Raha imekwisha!" Kenge akacheka. "Mmehama!"

"Tumehama, shoga, kwa sababu tuna miguu," Mchwa akamjibu. "Mayai yako je?"