Bibi Banabana

Msumari ulipopata moto ukawa mwekundu, bibi akautoa kwa koleo, akatoboa nao kifuniko cha chupa ya mafuta ya kupikia. Likatoka tundu dogo kama jicho la sisimizi. Kuanzia siku hiyo mafuta ya nyumba ile yakawa yanadondoka, hayamiminiki.

"Wewe bibi una mkono wa birika!" Redio alicheka mpaka akajishika mbavu.

Redio alikuwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba ya jirani, na jina hilo hakulipata bure. Kilichosemwa asubuhi mezani kwa mabosi wake, saa nne kilikuwa kimeshafika mtaa wa tatu. Ndiye aliyembatiza mwenzake Bibi Banabana. Siku ya kwanza walipokutana kwenye kamba za kuanikia nguo alimuuliza, "Na wewe umekuja kazi hapa?" Bibi akacheka tu, na kicheko kikachukuliwa kuwa ndiyo.

"Cheka wewe," bibi alisema sasa, akiijaribu chupa yake juu ya kikaango. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu. Wanataka kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Watu."

Alikuwa akisugua masufuria aliposikia. Sebuleni, mke wa mwenye nyumba alikuwa akilalamika kwamba kila kitu kimepanda bei, na humu ndani walaji wamezidi. Walaji walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamekaa hapohapo sebuleni, miguu juu ya stuli. Haikuhitaji mtu kusoma sana kumjua wa tatu.

Basi bibi akajifunga kibwebwe. Kama tatizo ni matumizi, atayabana mpaka yalie. Maharage aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha kidogo tu, kisha akalizungushia sufuria blanketi kuukuu yamalizikie humo bila moto. Masalia ya sabuni aliyakusanya ndani ya soksi, na soksi ikawa sabuni mpya. Maji ya kusuuzia nguo yalideki sakafu, na yaliyodeki sakafu yakaenda chooni. Nyanya alizifuata sokoni jioni, wauzaji wakifunga mabanda, akawatania na kuwaganda mpaka wakamwongezea za bure ili tu aondoke. Dawa ya meno ikiisha aliichana tyubu kwa mkasi, na humo ndani ikapatikana wiki nzima.

Chakula chake mwenyewe alikipunguza bila kuambiwa.

"Hivi wanakulipa ngapi kwa mateso yote haya?" Redio alimuuliza siku moja.

"Sijawahi kuuliza."

"Toba! Miaka minne? Bibi, wewe umerogwa!"

"Nikitoka hapa niende wapi, mjukuu wangu? Kibanda changu nilishakiuza." Akaonyesha kwa kidevu dirisha la mwenye nyumba. "Halafu yule tumbo lake halipatani na kitunguu kibichi. Nani atakumbuka?"

"Mkewe si yupo?"

Bibi akaguna. Mguno ule ulikuwa na maneno mengi, na Redio akaondoka nao mbiombio kama aliyeokota mfuko wa sukari.

Miezi miwili ya kubana ilipoisha, mwenye nyumba aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukanyaga. Akasimama karibu na mlango, mikono mfukoni.

"Umejitahidi," alisema. "Kusema kweli, sijawahi kuona matumizi yakishuka namna hii."

Bibi akajikuta meno yote nje. Akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa nguo yake ili akae.

Hakukaa. "Sasa tumeongea na mwenzangu. Ameona hapa jikoni kazi yenyewe imebaki kidogo, ataiweza mwenyewe." Akakohoa. "Kuna mahali pazuri, wanatunza wazee. Kesho nitakupeleka."

Bibi akageukia sufuria lililokuwa ndani ya blanketi, akalifunika vizuri zaidi, ingawa lilikuwa limefunikwa tayari.

Mahali pazuri palikuwa na benchi refu la mbao, ukuta uliopakwa rangi nusu, na karani mpole mwenye miwani. Karani akaeleza utaratibu: mzee mwenye ndugu, ndugu analipia kila mwezi. Asiye na mtu anakaa bure.

"Hana mtu," mwenye nyumba alidakia. "Alikuwa anatusaidia kazi za ndani. Tukaona tusimwache hivihivi."

"Mungu akuzidishie," karani akasema. "Wenzako wanawabwaga pale getini na mifuko yao, wanaondoa gari." Akaandika, kisha akainua macho. "Pole sana, bibi. Kwa hiyo hukujaaliwa hata mtoto mmoja?"

Bibi akamtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa akilisoma tangazo la ukutani kwa mara ya tatu, shingo imelowa jasho.

Malipo ya kila mwezi. Zidisha kwa miezi yote aliyobakiza duniani. Bibi hakuwa mtu wa kushindwa na hesabu ya namna hiyo.

"Sikujaaliwa," akasema.

Mwanawe wa pekee akashusha pumzi, akachukua kalamu, akatia sahihi palipoandikwa "Mwajiri".