Maandazi ya Shemeji

Chwaa! Alfajiri haijaingia, andazi la kwanza lilitumbukia karaini. Bi Mashavu alikaangia mafuta meusi, yaliyokwisha kuchacha. Maandazi yalikuwa ya shemeji yake Kombo, aliyemfukuza nyumbani hata kaburi la mumewe halijakauka. Sasa Kombo alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo.

Jana daktari aliwaeleza jamaa wa mgonjwa: "Damuni mna walinzi wanaokamata vijidudu na kuvila. Hula hata mafuta yaliyoharibika, wala hawajui kushiba. Wakivimba, hunasa kwenye mshipa wa moyo, nao huziba."

Wengine waliguna. Bi Mashavu alitabasamu ndani ya mtandio.

"Kula, shemeji," alimwambia wodini, akifunua bakuli.

Machozi yalimlenga Kombo. "Hata wanangu hawaniletei kitu." Akamega andazi, akampa kipande kikubwa. "Najua umetoka hujatia kitu kinywani. Usipokula wewe, nami sili."

Bi Mashavu alikitazama kile kipande. Kisha akauma, akatafuna, akameza, huku mafuta yakimchuruzika kidevuni. Ndipo Kombo naye akala.

"Tamu," alisema, akijilamba vidole. "Kesho uje tena, shemeji."