Ushuhuda wa Bwana Stara

Barua pepe ilisema madaktari wako tayari kuja, ila kwanza waoneshwe Bwana Stara.

Kitonga aliisoma mara mbili, kisha akaifunika skrini kwa kiganja. Alichelewa. Bi Mwanatumu, mkuu wa shirika, alikuwa amekwisha kusimama nyuma yake, miwani puani.

"Alhamdulillahi! Kitonga mwanangu, tovuti yako imejibiwa!"

Ilikuwa mara ya kwanza. Mwaka ule wa tisini na tisa shirika lao la Ukunda lilikuwa na kompyuta moja, laini ya simu iliyokufa kila mvua iliponyesha, na Kitonga, Mkamba wa mashamba ya Shimba Hills, aliyejiita mtaalamu wa mtandao kwa kuwa hapakuwa na wa kumbishia. Alikuwa ametengeneza tovuti ya kuwahimiza wanaume wenye mabusha wajitokeze watibiwe. Kwa madoido akaweka picha ya mbu, mwenezaji wa ugonjwa huo, anayeruka huku na huku. Mbu huyo aliufanya ukurasa ufunguke polepole mno, hata ungeweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukamkuta angali bawa moja. Alipowaeleza wazee wa Munje habari za tovuti, wao walisikia kitovu, wakamwambia ugonjwa wenyewe uko chini zaidi.

Na katika miezi yote hiyo, mtu pekee aliyewahi kuwaandikia aliulizia bei ya vyumba vya hoteli Diani.

Kitu kimoja tu katika tovuti ile hakikuchekesha. Kilikuwa ushuhuda wa mwanamume aliyejiita Bwana Stara. Alisimulia jinsi busha lilivyomwachisha mpira, kisha baiskeli, kisha harusi za ndugu zake, na jinsi alivyovunja uchumba bila kutoa sababu, msichana wa watu akabaki kujiuliza amekosa nini. "Nimezoea kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho," aliandika, "ili asiwepo wa kuniona nikitembea."

Maneno hayo ndiyo yaliyomgusa Daktari Mwinga, mpasuaji wa Nairobi. Angekuja na wenzake, wapasue bila malipo. Lakini aliwahi kudanganywa na mashirika yenye wagonjwa wa kubuni. Safari hii alitaka kumwona mgonjwa kwa macho yake, Jumamosi, katika zahanati iliyo karibu na Msambweni. Asipomwona, angegeuza gari.

"Basi mlete," alisema Bi Mwanatumu. "Anakaa wapi?"

Kitonga alijipangusa jasho kwa mkono wa kanzu. Alikuwa Mkristo, lakini alidai kanzu inafaa kwa joto la pwani, na wenzake ofisini walimtania kuwa kilichobaki ni shahada tu.

"Hatakubali, Bi Mwanatumu."

"Nitazungumza naye mimi."

"Wewe ndiwe hasa ambaye hataki kuzungumza naye."

Mama yule alivua miwani. "Kitonga. Huyu mtu yupo, au umemtunga?"

Kitonga alipima upesi. Mwongo hufukuzwa kazi, akarudi kwa mama yake kupalilia mahindi. Hilo lingestahimilika.

"Nimemtunga," alisema.

Bi Mwanatumu hakufoka. Afadhali angefoka. Ushuhuda ule alikuwa ameuchapisha, akausoma kwa sauti yake mwenyewe katika vikundi vya akina mama, kuanzia Munje hadi Majoreni, na wako waliolia.

"Jumamosi utamwambia daktari wewe," alisema hatimaye. "Kwa kinywa chako."

Siku zilizofuata Kitonga alifanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya kompyuta, msikilizaji wake akiwa yule mbu. Kuna wakati aliwaza kumkodi mtu ajifanye Bwana Stara, mpaka akakumbuka kwamba daktari hangeridhika na kumpa mkono tu.

Jumamosi alipofika zahanati, baraza ilikuwa imejaa. Wanaume walikuwa wameketi kwenye benchi refu, kofia mapajani, na wake zao, waliopata habari za daktari katika vikundi vya akina mama, wamesimama nyuma yao kama askari wanaolinda mahabusu wasitoroke.

"Bwana Stara ni mimi!" Mzee Boga wa Munje alikuwa akifoka. "Mke wangu kanisomea. Nataka kumjua aliyekuja kunichungulia dirishani!"

"Wacha uongo, mzee," alidakia mwenzake. "Wewe hujapata kuwa na baiskeli. Yule ni mimi."

"Nyote waongo! Aliyeacha mpira ni nani kama si mimi?"

Wanaume waliolificha jambo lile hata kwa ndugu zao sasa waligombea nani alilificha zaidi. Kitonga alisimama mlangoni, hotuba yake yote ya radhi imemtoka kichwani.

Daktari Mwinga alitoka chumbani, anafuta macho, kwa kicheko au kwa jambo jingine.

"Kila mmoja anasema ni yeye," alisema. "Nami nimewapima, wote wanahitaji kupasuliwa, na wote nitawapasua. Wewe ndiwe mwenye tovuti?"

"Ndimi."

"Basi tuamulie ugomvi. Bwana Stara ni nani?"

Nyuma ya daktari, Bi Mwanatumu alimkazia Kitonga macho, akamwonesha Mzee Boga kwa kidevu. Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja tu, na kazi yake ingebaki, na daktari asingejua kitu.

Kitonga alimwomba Mzee Boga asogee kidogo. Akajikalisha benchini taratibu, ameachanisha magoti kama wao.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Ila tumtangulize mzee."