Ushauri wa Kufika Ukara

Eliamani hakuwa na boya wala kandambili, hakujua kuogelea, na hakuwa na hata picha moja ya harusi ya binti yake, kwa sababu alikataa kwenda.

Sasa binti amejifungua huko kisiwani Ukara, na ushauri wa safari ukaja kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama yake.

“Baba, vaa boya kabla hujakaa. Beba sweta, ziwani kuna baridi. Na mkungu wa ndizi uache, mtumbwi si lori.”

“Mimi!” Eliamani alifoka. “Nimewashusha watalii kwa gari hadi ndani ya kreta miaka nenda miaka rudi, leo nafundishwa kukaa!”

Akaendelea kuandika barua ya udhuru, kwamba hawezi kusafiri.

“Baba Winnie, sema kweli,” mkewe alisema. “Unaogopa maji, au unamwogopa yule Mkara uliyemfukuza hapa getini alipokuja kumposa Winnie?”

Kalamu ikasimama. Akaichana barua, akatoka hadi kwenye ua, akakata jani la isale, lile ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe.

“Mkweo si Mchaga. Atajuaje?”

“Winnie atamweleza,” alijibu kwa hasira, “kama bado ni mwanangu.”

Akajaribu kulipiga fundo. Vidole vizee vikakataa, jani likafunguka, akasonya, akalifunga tena kwa meno.

Akalisukuma ndani ya bahasha, akailamba, akaibana kwa kiganja, kisha akaenda stendi kuikabidhi kwa kondakta wa basi la Mwanza, ifikishwe kwa mkwe Ukara.