Kipimo cha Presha

Mchana ule Zuhura Mbaruku, muuguzi wa zahanati, hakuitwa barazani kutoa maoni. Aliitwa kumpima presha mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kisanga, aliyeshikwa na kizunguzungu katikati ya kikao. Wajumbe walikuwa wakibishania rangi ya geti la soko.

Alimfunga mwenyekiti kipimo mkononi, akaanza kukijaza upepo.

"Usiongee, mzee, tusije tukakosea."

Chumba kizima kikanyamaza. Katika ukimya ule Zuhura akajikuta anasema, "Nimewaacha wagonjwa sita wanaharisha, na wote wanachota maji kisima cha sokoni. Jana walikuwa wawili. Nimechoka kuwatibu watu kisha kuwarudisha kwenye kisima kilekile. Kifungeni leo."

"Sista, wewe tibu," katibu alisema. "Kupanga ni kazi yetu."

"Basi nipangieni. Dripu zimebaki tatu. Nani asiwekewe?"

Zuhura aliachia upepo. "Mia na sabini kwa mia. Iko juu, mzee. Leo upumzike."

Mwenyekiti alijifungua kipimo mwenyewe, akabaki amekishika mkononi.

"Hicho kisima kina mfuniko?"

"Hakina."

Alivuta kiti kilichokuwa wazi kando yake. "Kaa, sista. Tuanze upya, na kisima."

Zuhura alikaa. Chini ya meza alivua viatu, akakanyaga sakafu ya baridi kwa nyayo zilizovimba. Mbele yake katibu alifunua ukurasa mpya, akashika kalamu, akamtazama mwenyekiti, akisubiri aambiwe aandike nini.