Sahihi ya Renae

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Renae, na mama mkwe wake, Aili, alikuwa ameung'ang'ania mkono huo kwa mikono yake yote miwili.

"Iweke chini."

"Mama, niachie."

"Usiniite mama. Talaka yenu imebakiza wiki mbili. Wade angeanguka mwezi ujao, ningeulizwa mimi."

Ilikuwa kweli. Wade aliteleza akiparua theluji juu ya paa, kichwa kikapiga ngazi ya saruji. Hospitalini mke ndiye huulizwa kwanza, na Renae alikuwa bado mke. Sasa Wade alilala kati yao, bomba kooni, mashine ikimpumulia. Siku ya kumi na tisa.

"Jana alikohoa," Aili alimwambia daktari aliyesimama miguuni pa kitanda. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Kukohoa siyo kuamka, mama. Ile sehemu ya kufikiri imekwisha. Tukiondoa mashine, atakwenda taratibu. Dakika chache. Sana sana saa moja."

"Na tusipoiondoa?"

"Atabaki hivi hivi."

"Basi abaki! Nitamwogesha, nitamgeuza. Nimembadilisha nepi huyu, leo nitashindwa nini?" Akamgeukia Renae. "Na wewe, haraka ya nini? Yule bwana wako wa mjini Duluth anakungoja kwenye gari?"

Muuguzi akajifanya anatazama dripu.

Kwa mkono wa pili Renae akaivuta karibu fomu ya kuondoa mashine. "Baba yake alilazwa hivi miezi minne," alisema. "Wade akitoka kumwona alikuwa anakaa garini, hata injini hawashi. Akaniambia, Renae, mimi usije ukaniacha hivi. Tumegombana, sawa. Lakini aliniomba mimi. Wewe hakukuomba."

Aili akauachia mkono.

Renae akatia sahihi.

Mchungaji alikuja akasoma zaburi. Kina mama wa kanisa waliacha trei ya viazi na nyama ya kusaga kwenye chumba cha kungojea, haikuguswa. Muuguzi akatoa bomba, akazima mashine. Chumba kikawa kimya mpaka theluji ikasikika ikigonga dirisha. Kifua cha Wade kikatulia.

Aili akapiga yowe.

Kisha kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, polepole, kama cha mtu aliyelala baada ya kazi. Saa moja ikapita. Zikapita nne. Mchungaji alirudia zaburi ile ile hadi sauti ikamkauka, na daktari akaja kusimama mlangoni, mikono mfukoni.

Mwaka wa sita tangu mashine izimwe, kadi ya Krismasi ya Aili ilifika kama kawaida kutoka Arizona, alikohamia kukimbia baridi. Renae alimsomea Wade mara mbili, akaibandika ukutani pamoja na zile tano, kisha akamgeuza ubavu wa pili.